Akiba ya Mafaili Isiolo: Nakala ya Tatu Isafiri kwa Matatu

Kanuni ya uhifadhi inayohusishwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, inataka kila faili liwe na nakala tatu, zikae katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani. Kwa familia ya Isiolo ambayo picha za harusi, vyeti vya shule na nakala za hatimiliki ya shamba zimo katika simu moja, sharti gumu ni hilo la mwisho, kwa kuwa wengi hudhani kwamba nakala ya mbali haina budi kupelekwa katika hifadhi ya mtandaoni, yaani kompyuta za kampuni zinazofikiwa kwa intaneti.

Hesabu haiungi mkono dhana hiyo. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na tangu Juni 2021 picha mpya huhesabiwa humo pamoja na barua pepe. Kupakia gigabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku nne na nusu mfululizo, tena bila umeme kupotea wala bando kwisha. Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Zaidi ya hayo, huduma inayosawazisha simu na mtandao hufuta huko kilichofutwa huku, kwa hiyo si kinga ya kutosha kwa aliyefuta kwa bahati mbaya.

Njia inayofaa zaidi ni diski mbili za nje. Flashi haifai kwa akiba ya miaka mingi, kwa sababu huhifadhi data kama chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno, na chaji hiyo huvuja polepole kifaa kisipotumika, huku joto, ambalo Isiolo halina uhaba, likiharakisha uvujaji. Kuna pia flashi bandia zinazotangaza ujazo zisio nao. Programu kama H2testw huzifichua kwa kuzijaza na kuzisoma upya.

Diski zote mbili husimbwa, yaani data yake hugeuzwa isisomeke bila nywila, kisha moja hubaki nyumbani na nyingine hupelekwa kwa ndugu aliyeko Meru au Nanyuki, na kila safari inapotokea diski hizo hubadilishana zamu. Nywila iandikwe kwenye karatasi isiyokaa pamoja na diski, kwani ikipotea hakuna fundi atakayeifungua diski.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa katika kompyuta nyingine haifai kuhesabiwa. Mwenye diski kabatini aichomeke wiki hii na afungue mafaili machache, akianza na yale ya zamani zaidi.