Kikosi cha Kisasi: Willy Gamba na wasomaji wa Ruvuma

Wasomaji wa riwaya za kijasusi huku Mbinga wakikutana, ubishi hauchelewi: kati ya Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, kipi kikali? Wengi wanakipa kura cha kwanza. Mimi nakipa cha pili, ingawa nina ugomvi nacho.

Kwa ambao hamjavisoma, Kufa na Kupona cha Elvis Musiba kilitoka mwaka 1974. Siri za wapigania uhuru zimeibwa, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzisaka kabla hazijamfikia adui. Kikosi cha Kisasi kilifuata mwaka 1979. Safari hii uwanja ni Kinshasa, wapigania uhuru wanauawa, na Willy anashirikiana na wenzake.

Lawama ya kwanza ninayoisikia ni chumvi. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Huyu jamaa hafi, sasa mimi niogope nini?" Ana hoja, lakini jamani, Willy hafi hata katika kitabu cha kwanza. Ukikubali kuingia kwenye riwaya za aina hii, umeshakubali kwamba shujaa atatoka salama. Kinachobaki kutupa wasiwasi ni wale waliomzunguka, na hapo kitabu cha pili hakina huruma hata kidogo.

Lawama ya pili ni wanawake, na hiyo siitetei. Wanasifiwa uzuri wao kabla hatujajua wana akili gani, na mara nyingi kazi yao ni kuwa chambo au zawadi. Msomaji wa kike aliyeniazima nakala yake alisema alikuwa akiziruka kurasa hizo ili awahi risasi. Namwelewa.

Ya tatu ndiyo nzito. Mwalimu mmoja mstaafu anashikilia kwamba cha kwanza kina heshima kwa sababu Willy analinda kitu, na cha pili kinampunguza kwa sababu analipiza tu. Kisasi, anasema, si kazi ya serikali.

Hapa ndipo tunapoachana, na nadhani mahali tulipo panasaidia kueleza kwa nini. Mwambao huu wa Ziwa Nyasa ukiufuata kuelekea kusini, ukapita Mbamba Bay hadi Chiwindi, unafika mpaka wa Msumbiji. FRELIMO walianza vita vya silaha tarehe 25 Septemba 1964, na Wareno walikuwa na kituo cha wanamaji Metangula, kwenye ziwa hili hili. Kwa msomaji wa huku, hadithi ya siri iliyoibwa haikuwa ya mbali. Siri ikivuja, mtu anakufa. Siri ikirudishwa, mtu anapona. Kufa na Kupona kinasimama juu ya tumaini hilo.

Lakini kulinda siri hakukutosha siku zote. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Aliuawa katika mji ule ule uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Baada ya tukio kama hilo, mpelelezi afuate nini? Hakuna faili la kurudisha. Kikosi cha Kisasi kinaanzia kwenye hasara hiyo. Watu wameshakufa, waliopaswa kuwalinda wamechelewa, na hata Willy akishinda hakuna atakayefufuka. Ndiyo maana nasema ni kitabu jasiri zaidi. Kinaingia mahali ambapo cha kwanza hakikulazimika kuingia.

Ugomvi wangu ni kwamba kikishaingia, kinatoka mbio. Musiba ana haraka ya kufika kwenye bunduki, hoteli na magari, na waliouawa wanageuka kuwa sababu ya safari. Huku kwetu mtu akifa kuna msiba, watu wanakaa matanga, wanaulizana marehemu ameacha nani. Kurasa chache za namna hiyo zingempa mwalimu wangu jibu. Tungeona kwamba Willy amebeba kilio cha watu, wala si hasira yake tu.

Tena kuna watu ambao mfululizo huu hauwapi nafasi ya kutosha. Vita vile havikuendeshwa na wapelelezi wenye pasipoti peke yao. Kulikuwa na watu wa kawaida mpakani, waliowapokea wakimbizi, waliogawana nao unga, waliojua mengi na kunyamaza. Natamani mwandishi wa leo atuandikie riwaya ya kijasusi inayoanza na mtumbwi usiku, karabai imezimwa, na mvuvi anayetakiwa kuamua kama kesho atasema alichokiona.

Kwa sasa, visomeni vyote viwili, tena kwa mpangilio wake, na msiache muda mrefu katikati. Halafu mniambie kama mwalimu yuko sahihi.