Uzito wa Sonata Nyepesi

Tarehe 26 Juni 1788, mjini Vienna, Wolfgang Amadeus Mozart aliiorodhesha katika daftari la tungo zake sonata ndogo ya piano, akaieleza kuwa ni ya wanaoanza. Ndiyo ijulikanayo leo kwa nambari K. 545. Kauli hiyo imewapotosha walimu wengi, kwani huichukua kuwa ni hukumu ya wepesi, ilhali inamtaja mwanafunzi tu; haisemi kuwa kazi yake itakuwa ndogo.

Aghalabu mwalimu apimaye ugumu wa sonata hutazama kwanza karatasi: wingi wa noti, kasi ya mwendo, na umbali ambao vidole vitanyooka. Vipimo hivyo si vya kupuuzwa, na kwa vipimo hivyo K. 545 ni nyepesi. Mwanzoni, mkono wa kushoto hupiga moja moja sauti ambazo zingeweza kupigwa pamoja, na wa kulia huimba juu yake. Lakini wembamba huo ndio mtego. Penye sauti tele, noti iliyoteleza husitirika kati ya nyingine. Hapa kila noti imesimama peke yake uwanjani. Mjuzi wa ushairi analielewa jambo hili: kadiri ubeti ulivyo sahili, ndivyo mizani moja iliyozidi inavyokera sikio.

Mfano wa pili ni sonata ya Beethoven, Opus 27 nambari 2, ya mwaka 1801, maarufu kwa jina la Mbalamwezi, jina asilolitoa mwenyewe. Sehemu ya kwanza huenda polepole, na wanafunzi huikimbilia. Hawatambui kwamba mkono wa kulia una kazi mbili: kidole kidogo, kilicho dhaifu, kiimbe kwa uwazi, na vingine vinong'one noti tatu-tatu bila kukoma. Sehemu ya tatu ni tufani. Basi sonata hii ipewe daraja gani? Bodi ya mitihani ya ABRSM, iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1889, huzipanga tungo katika ngazi mbalimbali, na mara nyingi humtaka mtahiniwa apige sehemu moja tu ya sonata. Hiyo ni busara, ila haitoshi. Kuna ugumu wa vidole, kuna wa sikio, na kuna wa subira. Nambari moja haiwezi kuubeba wote.

Si suala la karatasi tu. Mwanafunzi aliyeshindwa na kilichoitwa kigumu hurudi kufanya mazoezi. Aliyeshindwa na kilichoitwa rahisi hujihukumu kuwa hana kipaji, na pengine huifunga piano asiifungue tena. Mwalimu mwema, kwa hiyo, haishii kusema ugumu ni wa kiasi gani, huuonesha ulipo.