État de siège: tunalalamika, lakini tunapima na nini?

Tuseme ukweli. Ituri iliwekwa chini ya état de siège tarehe 6 Mei 2021. Katiba, kifungu cha 144, inasema siku 30, kisha bunge linaweza kuongeza siku 15 kwa 15. Leo hizo nyongeza ndizo zimekuwa utawala wenyewe.

Mwezi wa 8, 2023, wajumbe wetu walienda Kinshasa kwenye meza ya mviringo. Wengi waliomba iondolewe. Mwezi wa 10 Rais akatangaza kuilegeza pole pole, lakini gavana akabaki mwanajeshi. Raia aliulizwa, ila jibu lake halikuwa na uzito.

Sasa, lawama peke yake haitoshi. Kwenye parking ya moto mmoja anasemaka "waende", mwengine "tuwapatie muda". Wote wawili hawana kipimo. Tuulize hivi: RN27 mpaka Mahagi, unapita bila woga? Na Komanda–Luna? Wakimbizi wa Djugu wamerudi kulima? Maswali kama hayo hayajibiwi kwa hotuba.

Wewe je, njia yako ikoje?