Uhuru Park: Msumeno Ulitangulia

Picha za ukarabati wa Uhuru Park wa mwaka 2021 mliziona wenyewe: magogo yamelazwa juu ya udongo mwekundu wa Nairobi, na kazi inaendelea. Mpaka leo sijasikia hoja ya kifundi inayoweza kuutetea uamuzi wa kukata miti wa Nairobi Metropolitan Services, iliyokuwa ikisimamia huduma za jiji. Kuanza ukarabati wa bustani kwa kuangusha miti iliyokomaa ni kosa, tena si la mwenye msumeno. Ni kosa la mchoro.

Mizizi inayolisha mti mkubwa haiko chini sana kama wengi wanavyodhani. Mingi imo katika nusu mita ya juu, na inatambaa hadi kupita ukingo wa matawi. Fundi anayeijua kazi hutazama matawi yanapoishia, akazungusha kamba pale. Ndani ya kamba hiyo hapiti lori, haimwagwi kokoto, hauchimbwi mtaro. Njia ikikutana na mti, njia ndiyo inayopinda. Isipowezekana kupinda, huinuliwa juu ya changarawe ili maji na hewa vifike chini. Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yanamtaka mchoraji atoke ofisini ahesabu miti kabla ya kupiga mstari wa kwanza. Na ukiniambia miche itapandwa, nitakuuliza: kivuli chake atakikalia nani? Mtoto aliyezaliwa siku mti ulipoanguka atakuwa anatafuta mchumba, na mche bado haujakifikia kimo cha ule uliokatwa.

Halafu kabro, yale matofali ya saruji yanayotandazwa chini! Kila mji wetu ukipata fedha za bustani, mbio kwenye kabro, kana kwamba udongo ni uchafu. Pale penye mti pana ubaridi. Pale penye kabro joto la mchana unalikuta bado usiku. Taa na njia za miguu za Uhuru Park zimefanywa vizuri, nakiri.

Jomo Kenyatta aliifungua bustani hii mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilipotaka kusimamisha humo jengo la ghorofa 60, mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kila mahali, akatukanwa bungeni, asirudi nyuma hata hatua moja. Mradi ukafa. Bila mama yule kusingekuwa na bustani ya kukarabati, na ndiyo maana magogo yale yaliniuma mara mbili.

Sisi wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano wa kuutunza mti. Vukeni ziwa mwende Ujiji. Mwembe ambao inasemekana Stanley alikutana na Livingstone chini yake mwaka 1871 haupo tena, ila miembe inayosimama pale leo inaelezwa kuwa imetokana na vikonyo vya ule wa kale, vilivyobebeshwa kabla haujaisha. Mtu mmoja alikuja na kisu kidogo, wakati mti ungali hai.