Choo Kionekane Kutoka Kitandani

Jengo la Corinne Dolan lilifunguliwa mwaka 1989 katika mji mdogo wa Chardon, jimbo la Ohio, Marekani, kwa ajili ya wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer. Lilikuwa na pande mbili zilizojengwa sawa, na hapo ndipo thamani yake ilipo kwa yeyote anayejenga: ukibadilisha kitu upande huu, upande wa pili unakuonyesha hali ingekuwaje bila badiliko hilo. Mtafiti Kevan Namazi na wenzake waliitumia nafasi hiyo kuuliza maswali madogo ya kila siku. Mzee anakipataje choo? Anakijuaje chumba chake? Macho yake yanatua wapi anapotembea? Majibu waliyoyachapisha, mengi yao mwaka 1991, yanatufaa sana hapa Rugenge, mtaa wa Uvira mashariki mwa Kongo, katika mji ambao umekuwa ukijenga upya tangu mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020. Kwetu mzee huzeekea ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba) ya watoto wake. Unguja wana makao ya wazee ya Sebleni na Welezo, Nairobi wana ya masista kule Kasarani. Sisi tuna chumba cha nyuma cha koko, yaani cha bibi au babu. Chumba hicho nacho kinahitaji kufikiriwa.

Tuanze na choo, kwa sababu hapo ndipo heshima ya mzee huvunjika kwanza. Kule Chardon choo kilikuwa ndani ya chumba cha kulala, kimezungushiwa pazia badala ya ukuta na mlango. Watafiti wakafanya jambo rahisi: kuna siku pazia lilifungwa, kuna siku liliachwa wazi, na kila mara walihesabu mzee amekwenda chooni mara ngapi. Pazia lilipokuwa wazi na choo kikaonekana, wazee walikitumia mara nyingi zaidi kwa kiasi kikubwa. Ni wazee walewale, vyumba vilevile, wahudumu walewale. Waliokuwa wakihesabiwa kuwa hawawezi tena kujizuia, baadhi yao walikuwa wanaweza. Walichokosa ni kukiona choo kwa wakati.

Sababu yake iko katika namna kumbukumbu inavyoharibika. Mtu akipoteza uwezo wa kukumbuka kitu asichokiona, bado kwa muda mrefu hubaki na uwezo wa kukitambua akikiona. Choo kilicho nyuma ya mlango uliofungwa kinamdai mzee mambo matatu kwa mpigo: akumbuke kwamba kipo, akumbuke kiko nyuma ya mlango upi, na ashike nia hiyo njia nzima mpaka afike. Choo kinachoonekana kinamdai jambo moja tu. M. Powell Lawton, mtaalamu wa uzee wa Philadelphia, alikwisha kulieleza hili mwaka 1968: kadiri uwezo wa mtu unavyopungua, ndivyo mazingira yanavyozidi kuamua atakachofanya. Kijana hukishinda kijumba kibaya bila hata kufahamu. Mzee hushindwa nacho, kisha tunasema amezeeka vibaya.

Rugenge hatuwezi kunakili pazia la Chardon moja kwa moja. Choo chetu kiko uani, mwisho wa parseli, na katika mji ambao kipindupindu hurudi mwaka baada ya mwaka ni haki kikae mbali na kisima na jiko. Lakini kanuni inahamishika. Chumba cha mzee kipewe mlango au dirisha linalotazama uani, na kati ya kitanda na mlango wa choo kusiwe na kona. Mlango huo upakwe rangi ambayo hakuna mlango mwingine katika parseli ulio nayo. Kamba ya nguo isikate njia hiyo, maana shuka moja lililoanikwa linatosha kukifuta choo kabisa machoni mwa mzee. Kando ya njia, nguzo chache na mti mnyoofu wa kushikilia, urefu wa kiuno. Usiku awekewe ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, mahali palepale kila siku, na isifichwe chini ya kitanda kwa aibu ya wageni.

Vibao vinakuja baadaye, na hapo pia Chardon ina la kutufundisha. Watafiti walijaribu alama mbalimbali za kuelekeza kwenye choo cha pamoja. Zilizofanya kazi vizuri zaidi zilikuwa mishale iliyobandikwa sakafuni pamoja na jina la choo la kawaida kabisa, lile ambalo mzee alilitumia tangu utotoni, kuliko jina la adabu linalopendwa katika majengo ya umma. Sakafuni, kwa sababu mzee anayeogopa kuanguka hutembea ameinamisha kichwa. Kibao cha juu ya mlango kinasomwa na mgeni mwenye afya, na mara nyingi ndiye aliyewekewa. Katika zahanati na ofisi zetu vibao vingi vimeandikwa Kifaransa, herufi nyembamba, juu ya usawa wa macho. Ningeviteremsha hadi kama mita 1.2 kutoka sakafuni, niandike neno ambalo bibi wa Rugenge hulisema mwenyewe, na kando yake nichore picha ya kitu chenyewe, kwa kuwa wengi wa mama zetu wazee hawakupewa nafasi ya shule.

Jaribio la milango ya vyumba ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nje ya kila chumba kulikuwa na kisanduku cha kioo. Watafiti walilinganisha visanduku vyenye vitu vya maisha ya mzee mwenyewe na vile vyenye vitu visivyomhusu. Wazee ambao ugonjwa ulikuwa bado mwepesi walikipata chumba kwa vyovyote vile. Waliozidiwa sana hawakusaidika. Lakini wale wa katikati walikitambua chumba chao kwa vitu vyao. Kitu kisichomhusu, hata kiwe kizuri vipi, hakikumwambia mtu kitu. Hivyo namba ya chumba haitoshi, wala rangi peke yake. Kwa mzee aliyevua ndagala usiku kwa miaka mingi, kafi lililotundikwa kando ya mlango litasema zaidi ya jina lake. Kwa aliyefanya kazi kiwanda cha sukari cha Kiliba au bandari ya Kalundu, picha yake ya ujana akiwa kazini. Kwa mama aliyeuza vitenge, kipande cha kitenge ambacho yeye ndiye aliyekichagua. Picha iwe ya zamani. Mzee anayeamini ana miaka 30 hamtambui yule mwenye mvi wa picha ya mwaka jana.

Haya yote hayana maana ikiwa haoni. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, na lenzi yake huwa ya manjano, kiasi kwamba bluu na kijani huchanganyika na bluu nzito huonekana nyeusi. Mlango wa bluu kwenye ukuta wa kijani, mpango tunaouona sana mjini, kwake ni ukuta mmoja. Kinachomsaidia ni tofauti ya weupe na weusi: mlango mzito kwenye ukuta mweupe, kingo za ngazi zilizopakwa chokaa, shimo la choo lililozungushiwa rangi nyeupe. Tahadhari na mkeka mweusi mlangoni, maana baadhi ya wazee huuona ni shimo na kukataa kuuvuka. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa inaonekana imelowa maji. Ni sifa ya mwenye nyumba, lakini mzee anaivuka kwa hofu. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, kila alama ijaribiwe kwa tochi: rangi ya mafuta humrudishia mwanga machoni, rangi isiyong'aa husomeka.

Mafuriko yametuletea tatizo jipya. Tangu 2020, na tangu maji ya Ziwa Tanganyika yalipoanza kula nyumba za ufukweni, mwenye uwezo huinua msingi, na ana haki. Lakini msingi uliopanda sentimita 60 huleta ngazi tatu au nne mbele ya mlango, na kwa mzee hizo ni gereza. Mteremko wa kiti cha magurudumu hudai sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, maana yake mita 7.2 kwa msingi huo. Parseli zetu ni finyu, kwa hiyo ukunjwe mara mbili, mita 3.6 kila upande, na kituo bapa katikati cha kugeukia. Fundi aambiwe kabla ya kumwaga msingi. Akiambiwa baadaye, mzee atabaki akibebwa.

Ndani ya nyumba, njia nyoofu. Gesine Marquardt na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walipochunguza makao ya wazee walikuta, katika matokeo ya mwaka 2009, kwamba wakazi wenye usahaulifu hujielekeza vizuri zaidi katika ukumbi ulionyooka kuliko katika wenye kona. Uvira ina neema ya ziada, milima ya Mitumba upande mmoja na Tanganyika upande wa pili. Ukumbi unaokwenda mashariki na magharibi, wenye uwazi kila mwisho, unampa mzee alama mbili asizowahi kuzisahau. Ila jua huchomoza juu ya ziwa, na asubuhi mwanga wa moja kwa moja humpofusha. Uwazi wa upande huo uwekewe kibaraza chenye paa lililoshuka, ziwa lionekane chini yake na jua lizuiwe.

Limebaki lango la barabarani. Namazi, pamoja na Rosner na Calkins, walionyesha mwaka 1989 kwamba kufunika kitasa kwa kitambaa kulizuia wazee kutoka kwa mlango wa dharura, kwa sababu kitu kisichoonekana hakiwaziwi. Ni kanuni ileile ya choo, imegeuzwa. Nasita kuisifu, kwa kuwa kumficha mtu mzima mlango ni jambo zito. Kwa parseli inayofungukia barabara ya taifa namba 5, yenye malori na pikipiki, nitaikubali kwa sharti moja: mlango wa kwenda uani ubaki wazi mchana kutwa, uonekane, na njia ya huko izunguke na kumrudisha mzee mlangoni kwake bila kumfikisha mahali palipofungwa.