Faragha Itokanayo na Wingi: Tahakiki ya Mfumo wa Aztec Connect

Aztec Connect, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2022, ulikusanya maagizo ya watumiaji wengi na kuyapeleka kwa muamala mmoja kwenye itifaki za nje za fedha katika mtandao wa Ethereum. Jumla ya fedha ilionekana hadharani. Wamiliki wake walifichwa. Hata hivyo, faragha hiyo haikutokana na usimbaji pekee, bali pia na wingi wa watu. Aliyekuwa peke yake katika fungu, jumla yenyewe ilifichua kiasi chake. Aliyetoa kiasi kilekile alichoingiza aliweza kujitambulisha. Amana mpya ziliposimamishwa Machi 2023, umati wa kuwaficha waliobaki uliacha kukua. Kwa hiyo, tathmini ya faragha haina budi kupima umati sambamba na usimbaji.