Wanachotaka ni Jumatano Yako

Wainjilisti wanabisha hodi hosteli Jumamosi saa mbili usiku, wawili wawili. Mmoja anaongea, mwenzake yuko kimya akitabasamu. Mara nyingi huyo wa kimya ndiye anayejifunza kazi. Mwanafunzi asiyeamini dini yoyote akifungua mlango huteleza kwa njia mbili. Anaweza kubishana nao hadi saa tano juu ya Mungu, Darwin na vita vya msalaba, huku test ya Jumatatu haijaguswa. Au anasema, "Sawa, Jumatano nitakuja," ili waondoke alale. Wengi hudhani kosa ni ubishi. Mimi nasema kosa zito ni Jumatano.

Kukataa kwa adabu ni ufundi, na huwezi kuumudu kabla hujajua aliye mlangoni amefundishwa kufanya nini. Maana kwa kawaida amefundishwa. Campus Crusade for Christ, shirika lililoanzishwa na Bill Bright na mkewe Vonette katika chuo cha UCLA, California, mwaka 1951, lilipata nguvu kupitia kijitabu chembamba cha kanuni nne za kiroho, ambacho watu wawili hukisoma pamoja kwa dakika chache na kuishia kwenye sala. Kijitabu kile kilimwondolea mwanafunzi wa kawaida hofu ya kuhubiri. Hakuhitaji teolojia, alihitaji kufunua kurasa kwa mpangilio. Wamishonari wa Kimormoni, kwa mwongozo wao uliotolewa kwanza mwaka 2004, hufundishwa kumaliza somo kwa kumwalika mtu afanye jambo fulani: asome ukurasa huu, aombe, aje kanisani Jumapili. Kisha humfuatilia wajue kama amefanya. Mashahidi wa Yehova wana ziara ya kurudia, na mbinu yake inapendeza kwa wepesi wake: unaondoka ukiwa umeacha swali moja, jibu utakuja nalo safari ijayo.

Ukizitazama mbinu hizi pamoja, utaona hakuna hata moja inayotegemea kukushinda kwa hoja usiku uleule. Zao la ziara ya kwanza ni ziara ya pili.

Wanasaikolojia wanalijua jambo hili kwa upande wao. Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha jaribio lililofanyika California, ambako wenye nyumba waliombwa wakubali bango kubwa, baya la kutazama, lisimikwe mbele ya nyumba zao kuhimiza udereva salama. Walioombwa ghafla, chini ya asilimia 20 walikubali. Waliokuwa wamekubali siku za nyuma kuweka kibandiko kidogo chenye ujumbe kama huo, asilimia 76 walikubali na bango. Kijikaratasi unachopokea "kwa heshima tu" ndicho kile kibandiko.

Sasa tazama makosa yetu mawili. Mbishi anadhani amewachosha wageni. Kumbe wanarudi kwao na habari njema: huyu wa chumba cha mwisho ana njaa ya neno, ametuuliza maswali mpaka saa tano. Kwa mwinjilisti aliyezoea kufungiwa milango, mtu anayebishana kwa bidii ni shamba lenye rutuba. Naye mwenye adabu anayejibu "Inshallah" au "tuombe uzima" ametumia njia yetu ya siku zote ya kukataa kwa kuahirisha. Kwa mwenyekiti wa kamati ya harusi njia hiyo inafanya kazi, kwa kuwa pande zote mbili zinajua mchango hauji. Mwinjilisti amefundishwa kuandika tarehe. Hajakusikia vibaya, wewe ndiye uliyempa.

Chukua mazungumzo haya ya mfano, ambayo ningependa yawe yanafanyika hivi katika hosteli zetu:

"Bwana asifiwe, kaka!"

"Karibuni. Habari za jioni?"

"Njema kabisa. Tunapita kuwasalimu watu wa floo hii. Kaka, unasali wapi?"

"Sisali. Asanteni kwa kupita."

"Aa, kwa nini tena? Kuna kitu kilikukwaza?"

"Hapana, niko salama. Ni jambo langu binafsi, huwa silijadili."

"Tunakuelewa kabisa. Basi Jumatano tuna ibada ya vijana, wenzako tu, na chai ipo."

"Asanteni kwa mwaliko. Sitakuja. Nawatakia huduma njema."

Kila jibu hapo lina kazi yake. Salamu imejibiwa kwa salamu, hakuna aliyenyimwa utu. (Kwa "Asalaam aleykum" mimi ningejibu "Waaleykum salaam" bila kusita, salamu ni ya watu wote.) Mazungumzo yanaendelea kwa kusimama, mlangoni, kwa sababu mgeni akishaketi kitandani, desturi inakukataza kumwinua.

"Sisali" inajibu kilichoulizwa na kukomea hapo. "Simwamini Mungu" ingekuwa kweli pia, ila ni tangazo la mdahalo. Na "mimi ni Mkatoliki" ni uongo usiodumu, kwa sababu swali linalofuata ni "Parokia gani?", na wiki ijayo utatembelewa na vijana wa ushirika wa wanafunzi Wakatoliki wakikuuliza kwa nini hawakuoni kwenye misa.

Swali la kukwazwa ndilo lililotengenezwa kwa ustadi kuliko yote. Linachukulia kwamba asiyesali ana jeraha, na jibu lolote utakalolipa linageuka kuwa mada. Ukisema mchungaji wa kwenu alikula sadaka, watakubaliana nawe, kisha watakueleza kwamba wao hawako hivyo. Ukisema huoni ushahidi, wana kitabu. Sababu yoyote unayoitoa ni mpini wa kukushikia: ukisema una test, watakuja test ikiisha, ukisema umechoka, watakuja kesho umepumzika. Ndiyo maana yule kijana hakutoa sababu hata moja.

Halafu "sitakuja". Neno hili ni gumu kulitamka kwetu, hasa kwa mtu anayecheka nawe vizuri, na watu hulilainisha mpaka linapotea. Mahali pa kulainisha ni pembeni yake: shukrani itangulie, heri ifuate, kitenzi chenyewe kibaki kilivyo. Wapo wasioamini wanaoona kumtakia mtu huduma njema ni unafiki. Sioni hivyo. Vijana wale wametoa Jumamosi yao kwa jambo wanaloamini lina faida kwako, na hilo linastahili kauli njema.

Kuna hatua moja inayowapata hata waliojiandaa, nayo huja mwisho, viatu vikiwa tayari vimeelekea ngazi: "Basi tukuombee kabla hatujaondoka." Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa sura. Mtu akikuombea wewe ukiwa umesimama kimya, anafanya ibada yake mbele yako. Hujakubali lolote, kama vile usivyokubali lolote unaposimama msibani kwa jirani wa dini yoyote. Lakini ikifika "fuatisha maneno haya", hiyo ni sala ya toba, na katika kampeni nyingi za vyuoni anayeifuatisha huhesabiwa kuwa ameokoka usiku huo, jina lake likaingia kwenye orodha ya ufuatiliaji pamoja na namba ya simu. Sema "hapana, asante" mapema, kabla ya mikono kushikwa. Katikati ya sala huwezi kujitoa kwa heshima, nao wanalijua hilo.

Namba ya simu usitoe. Ukishaitoa, utajikuta kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili na mahubiri ya sauti ya dakika arobaini, na ukijitoa humo wasimamizi wa kundi huarifiwa. Tangu mwaka 2019 WhatsApp ina mpangilio wa faragha unaozuia watu kukuingiza kwenye makundi bila idhini. Uweke leo.

Mashahidi wa Yehova wanastahili neno lao. Wengi hujificha wanapowaona wakija na mikoba yao, wanazima taa, wanamtuma mdogo wao aseme hawapo. Ni kazi bure: nyumba isiyo na mtu hurudiwa. Ilhali wao wana utaratibu wa kuandika anwani za walioomba wasitembelewe, hivyo ombi moja la wazi, "naomba mniandike miongoni mwa wasiopenda kutembelewa," hufanya kazi ambayo miaka ya kuzima taa haifanyi.

Yote haya ni rahisi, kwa kuwa mgeni wa mlangoni kwa kweli ni dhaifu. Mwaka 1980 wanasosholojia Rodney Stark na William Bainbridge walichapisha takwimu za misheni ya Wamormoni katika jimbo la Washington: kubisha hodi kwa watu wasiojulikana kulimleta mtu mmoja katika elfu moja. Pale mkutano wa kwanza ulipofanyika nyumbani kwa rafiki Mmormoni, nusu walijiunga. Hata semina za siku kadhaa hazina nguvu tunayozipa. Eileen Barker alifuatilia waliohudhuria semina za kanisa la Sun Myung Moon huko London mwaka 1979, wakati magazeti yakiliita kanisa hilo mtambo wa kuosha bongo, akakuta wasiopungua asilimia 90 hawakujiunga. Mtu huvutwa na watu wake.

Basi kazi ngumu iko ndani ya chumba, kitanda cha pili. Mwenzako wa chumba ndiye aliyekupokea mwaka wa kwanza ukiwa huna pa kulala, akakubeba wiki mbili, akakupa desa, akakukopesha hela bumu la mkopo lilipochelewa. Jumapili asubuhi anasema, "Twende basi, mara moja tu." Kwa kijana aliyezaliwa Mwislamu ni alfajiri, mkono begani: "Amka tuswali." Hakuna kijitabu hapa. Kuna deni.

Wapo waliolitumia deni la namna hii kwa makusudi. Kip McKean alipoanza kuongoza kanisa dogo la Lexington, Massachusetts, mwaka 1979, akiwa na watu kama 30, alijenga vuguvugu lililojulikana baadaye kama Boston Church of Christ, likasambaa vyuoni kwa mpango ambao kila mshiriki alikuwa na mtu juu yake wa kumwongoza, kumshauri na kumhoji. Urafiki wenyewe uliwekewa ratiba: mpira wa kikapu, chakula cha jioni, kisha somo, kisha somo la pili. Boston University ililipiga marufuku mwaka 1987, na lawama ilikuwa juu ya mwenendo, yaani kuwaandama wanafunzi waliokwisha kukataa. McKean alijiuzulu uongozi wa juu mwaka 2002, na mwaka uliofuata barua ndefu ya Henry Kriete, mmoja wa wachungaji wao, ilisababisha muundo ule ulegee.

Mwenzako wa chumba si McKean. Kwa hiyo kumjibu kama wale wa mlangoni, kwa ufupi na bila sababu, ni utovu wa adabu. Rafiki anastahili sababu. Ninachoshauri ni kutenganisha deni na mwaliko, na kulilipa deni kwa sarafu yake. Amekupa desa, nawe mtafutie desa. Akiumwa, mpeleke zahanati. Kwaya yake ikiwa na uzinduzi wa albamu, nenda, kaa mbele, nunua CD, umwambie wazi kabla ya siku hiyo: "Nakuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya kuokoka. Mkiita watu mbele, mimi nitabaki kwenye kiti." Akikuuliza usichoamini, mweleze mara moja, mchana, akiwa peke yake, bila mzaha juu ya kitabu chake. Baada ya hapo una haki ya kusema, "Hilo tulishaongea, ndugu yangu."

Tatizo ni kwamba maneno uliyomweleza rafiki yana miguu. Kiongozi wa ushirika anaweza kuwa anatoka parokia ya mama yako, na kabla ya likizo habari imefika kijijini. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 wasio na dini. Tanzania sensa haijauliza dini tangu mwaka 1967, kwa hiyo huku hata kuhesabiwa hatuhesabiwi. Wakenya walipokisajili chama cha wakanamungu mwaka 2016, Mwanasheria Mkuu alisimamisha usajili huo mwaka uleule kwa hoja ya kulinda amani. Katiba zipo upande wa mwanafunzi: Ibara ya 32 ya Kenya inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake, na Ibara ya 19 ya Tanzania inaifanya dini kuwa hiari ya mtu. Lakini katiba haipokei simu ya shangazi. Asiyetaka kujulikana asijilaumu. "Sisali" inatosha kwa miaka mitatu yote.

Na ataisema zaidi ya mara moja. Viongozi wa vikundi hivi hubadilika kila mwaka, na mara nyingi orodha hazirithiwi. Muhula mpya ukianza wanakuja wawili wengine, wa mwaka wa kwanza, wakiwa na hofu usoni na vijitabu vipya, hawajui lolote kuhusu mazungumzo ya mwaka jana. Hasira uliyoibakiza kwa waliotangulia haiwahusu hawa. Waitikie salamu, wajibu wanachouliza, na kama yule wa kimya ni mwenzako wa idara, muulize kama ameshapata chumba.